Punje Iliyotembea Kwenye Ungo wa Shangazi

Wewe ukiona punje ya mchele inatembea, utamwambia nani?

Shangazi yangu aliwaambia wenzake wote, tena mchana kweupe, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kusema mvua inakuja. Nusura aipoteze kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Naandika habari zake kwa sababu waliomnong'ona bado wapo, wazima, wanakula na kulala vizuri, na wakisoma haya watajijua.

Shangazi ni mchambuzi wa mchele. Ghala lao liko mwisho wa barabara ya vumbi. Kuta zake ni za matofali na paa lake la bati limewekwa vipande vichache vya plastiki vya kupitisha mwanga, kwa hiyo hata saa sita mchana ndani kuna rangi ya jioni. Nyuma ya ghala ni majani marefu mpaka mashambani. Wanawake huketi mstari mmoja juu ya vigoda, kila mmoja na ungo mapajani, wakitoa mawe, chuya zisizokoboka na chenga zilizovunjika. Mashine ya kukoboa iko upande wa pili wa ukuta. Ikizimwa, kimya kinachobaki kina uzito, na ndani yake husikika kitu kimoja tu, vidole juu ya mchele, kama mvua ndogo inayonyesha chumba cha jirani.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kushika kila mmoja njia yake. Nilipokuwa mdogo niliogopa kumtazama akisinzia. Baada ya chakula cha mchana aliegemea ukuta, akafumba macho, mdomo ukafunguka kidogo, lakini vidole havikulala. Viliendelea mapajani pake, vikiokota na kutupa, vikiokota na kutupa, juu ya nguo tupu. Nilikuwa nikijiuliza anatoa nini pale ambapo hapana kitu.

Akiwa macho ni mtu wa mzaha. Ukimuuliza kwa nini aliachana na mumewe, atakwambia, "Kosa langu. Nilimchambua. Nikatoa mawe, nikatoa chuya, nikapepeta pumba, kuangalia ungo hakuna mchele uliobaki."

Ghalani kulikuwa na paka dume, kichwa kipana, sikio moja limechanika. Alitokea majanini akiwa mdogo na hakurudi. Wanawake walimwita Karani kwa sababu alikaa juu ya magunia akiyatazama moja moja kama anayeyahesabu. Kazi yake ilikuwa panya wa majanini waliokuja kufuata mchele, na aliifanya vizuri. Alijikunja kwa yeyote aliyempa nafasi, lakini mapaja aliyoyapenda yalikuwa ya shangazi. Nadhani ni kwa sababu ya vile vidole. Shangazi akisinzia, viliyachambua manyoya yake.

Siku punje ilipotembea, kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Shangazi alikuwa amemimina mchele kwenye ungo, ameutandaza kwa kiganja. Pembeni kulikuwa na punje nene kidogo, nyeupe kupita wenzake. Akaisogeza kwa kidole ikae na chenga. Akaendelea. Alipotazama tena, ilikuwa imerudi.

Akaacha kazi akaitazama. Punje ikatulia kama inayosikiliza. Kisha ikarefuka. Upande mmoja ulichongoka ukawa mwembamba kama shingo, ukapapasa huku na huku, ukashika, na mwili uliobaki ukavutwa mbele taratibu. Ikajikusanya, ikawa punje tena. Ikarefuka tena.

Akamwita jirani yake wa kigoda, mwanamke tuliyemwita Bi Redio kwa sababu hanyamazi. Bi Redio akainama mpaka pua ikakaribia ungo.

"Mchele huo, mwenzangu."

"Subiri. Ina tabia ya kusubiri."

Walisubiri. Punje haikutembea. Ilikuwa kavu, ngumu, nyeupe, haina tofauti na nyingine, na mwisho Bi Redio akarudi kwenye kigoda chake akisema mambo mengine.

Ilitokea tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara ilikuwa asubuhi, na kila mara kwenye ungo wa shangazi peke yake. Akiita mtu, ilitulia. Wenzake wakaanza kusema, kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha. Mmoja alisema kuna marehemu anadai chake. Mwingine alisema mwili wa shangazi umeingiliwa na kitu, na kitu hicho kinatokea vidoleni. Aliyekaa mkono wake wa kushoto alihamisha kigoda, na pakabaki pengo kwenye mstari, kama jino lililong'oka.

Nyumbani shangazi akaacha kula wali. Alikuwa akiuchambua mchele wetu, anauosha, anauchambua tena ukiwa umelowa, halafu anasukuma bakuli mbali.

Msimamizi wa ghala ni mwanaume mmoja mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ya rangi ya kahawia. Wote humwita Bwana Kofia, mbele yake na nyuma yake. Si mkatili, mkatili ungemjua mapema ukajikinga. Yeye ana upole fulani wa kufunga milango. Shangazi alipomwita kwa mara ya mwisho aje aone, alitazama ungo, akamtazama yeye, akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini ukiniita tena kwa mchele unaotembea, nitajua macho yamekwisha. Itabidi uende nyumbani upumzike."

Kupumzika, kwa lugha ya ghala lile, ni kufukuzwa.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni nikisomea wanyama. Kazi niliyopewa msimu ule ilikuwa kutega panya mwitu kwenye majani, pamoja na yale ya nyuma ya ghala, kuwapasua na kuangalia nini kinaishi ndani yao. Wachambuzi walinicheka hadi machozi. "Daktari wa Panya kaja! Wagonjwa wako wanaendeleaje?" Bi Redio alikuwa akipaza sauti nikipita na mitego. "Hakuna hata mmoja anayepona!"

Jioni ile ya onyo la Bwana Kofia, shangazi alinikuta nikisafisha mitego uani. Alisimama mbele yangu, mikono imeshikana, kila mkono ukiuzuia mwenzake usicheze.

"Baba, wewe umesoma. Nataka unijibu kitu kimoja tu, usinionee huruma. Nina wazimu au sina?"

"Huna, shangazi."

"Umejuaje? Hujaiona."

Kweli sikuwa nimeiona. Hilo lilinichoma kuliko kicheko cha ghala zima.

Kesho yake nilimpasua panya mmoja katika maabara ya chuo. Alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, meno mazuri. Ungemwona akikimbia ungesema hana shida duniani. Nilipofunua tumbo, kwenye ini lake palikuwa na kitu cheupe, mviringo, kama lulu iliyozamishwa kwenye nyama. Panya wengine wa majani yale nilikuwa nimewakuta nacho, nikaweka kwenye chupa za dawa na kuendelea. Safari hii nilikipasua kifuko kile kwa ncha ya wembe.

Kilichokuwa ndani kilijikunjua.

Kilikuwa utepe, mweupe, umekunjwa na kukunjwa tena ili utoshe kwenye nafasi ya punje ya njegere. Nilipounyoosha ulikuwa mrefu kupita panya mwenyewe, umekatwa-katwa pingili kama muwa. Mkiani ulikuwa na kibofu kidogo cha maji. Upande wa pili ulikuwa na kichwa. Nikakiweka chini ya hadubini na kikanitazama, ingawa si neno sahihi, kwa kuwa hakina macho. Kina vikombe vinne vya kunata, na katikati, juu, taji la kulabu zilizopangwa safu mbili. Hakina mdomo. Nilitafuta tumbo na utumbo huku nikijua havipo. Tegu, mnyoo bapa wa utumboni, hanywi wala hatafuni. Chakula hupenya kwenye ngozi yake, popote alipo, siku zote. Ni mnyama aliyeondoa ndani yake kila kitu isipokuwa kushika na kuzaa.

Na huyu alikuwa bado hajaanza kuzaa. Ndani ya panya, tegu wa aina hii hakui akafika mwisho. Anakaa kwenye ini, amekunjwa, kichwa tayari, kulabu tayari, anangoja. Anangoja panya aliwe. Yule panya alikuwa akila, akikimbia, akinyonyesha, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho uhai wake wote ulitegemea siku ya kifo chake.

Paka anapomla panya, tumbo la paka huyeyusha nyama, huyeyusha kibofu, huyeyusha utepe wote. Kichwa kinabaki. Kinashuka mpaka utumbo mwembamba, kinazamisha kulabu ukutani, na nyuma yake shingo inaanza kutoa pingili, moja baada ya nyingine, mpya ikiisukuma kuukuu. Kila pingili ni dume na jike kwa pamoja. Zinavyosukumwa mbali na kichwa ndivyo zinavyokomaa, mpaka zile za mwisho zinakuwa mfuko tu wa mayai. Hapo hukatika. Hutoka nje ya paka amelala, wala hahisi kitu, na zikiwa nje hazifi mara moja. Hutambaa. Zikichoka hujikusanya, hukauka, na mayai humwagika. Panya akiguguna mahali pale humeza yai. Ndani yake yai hufunguka, hutoka kijidudu chenye kulabu sita, hutoboa utumbo, hupanda damu kama mtu anavyopanda gari, hushuka kwenye ini. Hukaa. Hungoja.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini ni pale tu, nikiwa na ule utepe mbele yangu, ndipo nilipojiuliza pingili inayotambaa inafanana na nini. Nyeupe. Nene kidogo. Inarefuka, inajikusanya. Ikikauka haina tofauti na punje.

Nilikimbia hadi nyumbani.

"Shangazi, mkimaliza kazi, ungo wako unauweka wapi?"

Akanishangaa. "Wenzangu wanatundika nyungo zao kwenye misumari. Mimi bega hili halinyanyuki, nauacha juu ya magunia."

"Na Karani analala wapi?"

Vidole vyake vilisimama. Sikuwahi kuviona vimesimama namna ile.

"Analala humo," akasema polepole. "Asubuhi nikija namtoa. Ungo unakuwa bado una joto."

Hapo ningetulia. Shangazi alikuwa amepata jibu lake. Lakini mimi naamini kweli haikuumbwa ikae uani kwa mtu, na siamini kwamba mwanamke aliyeona sawasawa anapaswa kuinamisha kichwa mbele ya watu waliotazama vibaya. Mchana wa siku iliyofuata niliingia ghalani na chupa yangu. Mashine ilikuwa imezimwa. Nikasimama katikati, nikainua chupa kwenye ule mwanga wa plastiki, tegu akielea ndani, nikawaeleza wote. Si marehemu, nikasema, si wazimu, si macho. Ni pingili ya tegu wa paka, na huyu mama ndiye pekee kati yenu aliyetazama vya kutosha.

"Toba!" Bi Redio alishika kifua. "Na watu wanakula?"

"Tegu huyu shida yake ni panya na paka, si mtu. Na moto wa kupikia unamuua. Mchele wa ungo uliolaliwa tuutupe, ungo upate msumari wa chini, paka apewe kidonge. Basi."

Bwana Kofia alikuja akaichukua chupa. Aliigeuza, na ule utepe ukageuka ndani taratibu, kichwa chini.

"Kidonge," akasema. "Kijana, kidonge cha leo, kesho anakula panya mwingine. Umesema mwenyewe ni duara." Akanirudishia chupa. "Stoo nina sumu. Leo leo, panya na paka. Duara linakatika."

Juu ya magunia Karani alikuwa amefumba macho, mkia umezungushwa miguuni.

"Lakini sitaki kuua bure," Bwana Kofia akaendelea, na sauti yake ilikuwa laini kama kawaida. Akamgeukia shangazi. "Mama, sema mbele ya wenzako. Uliona kitu kikitembea? Kama uliona, paka anakwenda, wewe unabaki. Kama hukuona, basi ni yale niliyosema. Macho."

Hakuna aliyechezesha ungo. Nilimtazama shangazi, nikimkubalia kwa kichwa kumpa moyo. Punje zenyewe sikuwa nazo; zote alizozitoa zilikuwa zimekauka na kutupwa na chenga. Kulikuwa na neno lake tu.

Alimtazama paka kwa muda mrefu.

"Sijaona kitu," akasema. "Macho yamechoka."

"Shangazi!" Nilipiga kelele mpaka bati likaitikia. "Unasema nini? Waambie!"

Alinishika kiwiko kwa vidole vile, vikavu, vyepesi. "Nyamaza, baba. Twende."

Na ile chupa mkononi mwangu ikawa chupa tu yenye mdudu ndani, ya kijana anayecheza na panya. Tulipotoka, nilisikia mtu akiuvuta ungo wake karibu, na mvua ndogo ya vidole ikaanza tena nyuma yetu.

Nyumbani aliketi kwenye kiti chake cha ukutani. Jua lilikuwa halijazama. Nilizunguka chumba kama niliyefungiwa.

"Nilikuwa nimekushindia! Kwa nini?"

"Ulinishindia nini? Mimi nilitaka kujua kama nina wazimu. Sina. Nimejua." Vidole vilikuwa vinaokota na kutupa juu ya mapaja matupu. "Yule paka hakuomba tegu. Hata panya hakuomba."

"Na kazi yako? Maisha yako yote yako pale."

Vidole viliendelea, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni niliogopa kuvitazama. Nilipodhani amesinzia, alisema bila kufumbua macho, "Leo pia atalala mle. Hajui kwamba sipo."

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenda kumchukulia ungo na kigoda. Mfukoni nilikuwa na kipande cha samaki, na ndani ya samaki kidonge nilichokipata kwa daktari wa mifugo. Niliapa Karani atakimeza, apende asipende.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi, mashine bado haijawashwa. Karani alikuwa kizingitini akijilamba, manyoya yake ubavuni yamelalia upande mmoja kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Wanawake walikuwa wakitundika mikoba yao. Na kwenye kigoda cha shangazi, magoti yamefika karibu na kidevu, alikuwa ameketi Bwana Kofia na ungo wa shangazi mapajani. Gunia la shangazi lilikuwa halijaisha na mzigo ulitakiwa uondoke siku ile.

"Kazi yenyewe ndiyo hii?" alikuwa akisema, akitoa chuya kwa mkono mzito. "Mnalalamika nini, jama?"

Kisha mkono ulisimama hewani.

Sikuweza kuona ungo kutoka nilipokuwa. Nilimwona yeye. Shingo yake ilirefuka mbele kidogo, ikatulia. Alisogeza kitu kwa kidole. Akangoja. Akakisogeza tena, na safari hii akakiondoa kidole haraka kama aliyeungua. Halafu, bila kuondoa macho kwenye ungo, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mdogo wa mviringo, laini, mweupe wa kutoguswa na jua. Akaifunika kofia juu ya mchele na kuikandamiza kwa mikono miwili.

"Njooni," akasema. "Njooni hapa. Wote."

Walikuja. Akainua kofia. Bi Redio akainama mpaka pua ikakaribia ungo.

"Mchele huo, bosi."

"Ilitembea."

"Ipi?"

"Hiyo! Subirini. Inasubiri kwanza, halafu..."

Walisubiri. Hakuna aliyecheka. Walitazamana kwa yale macho niliyoyajua, na aliyekuwa karibu naye akaanza kukivuta kigoda chake pembeni, polepole, kwa mguu.

"Labda ukapumzike kidogo, bosi," akasema Bi Redio. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamdhihaki.

Bwana Kofia aliinua uso akaniona mlangoni. Hakuwa na upole wake.

"Kamwite shangazi yako."

"Karani haguswi."

"Haguswi. Nimesema haguswi! Kamwite."

Miguuni pangu paka alikuwa amekwisha meza samaki na anautafuta mkono wangu uongezewe. Nilimbeba nikageuka kwenda. Kabla ya kuondoka nilitazama nyuma. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye vigoda, mbali naye, nyungo zimeanza kuimba. Yeye alikuwa ameifunika tena punje kwa kofia, ameinua ukingo wake kwa kidole kimoja, amelaza shavu karibu na mchele, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa akiinong'oneza punje, akiiomba itembee.